Bikoni ya Ng'ambo ya Mto

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kamba. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na cheti changu ndani ya bahasha ya kaki, suruali yenye mikunjo miwili ya pasi kwenye kila mguu, jambo ambalo lilikuwa kosa la pasi na si mtindo, na matumaini makubwa kwamba nitaonyeshwa meza yangu. Mpimaji Mkuu wa ofisi yetu ya Morogoro aliitazama ile bahasha bila kuifungua. Akanikabidhi kamba nyembamba iliyofungwa kipande cha shaba kilichochongoka kama karoti, kisha akanielekeza kwenye ngazi iliyoegemezwa kwenye ghala moja la Mwembesongo.

"Panda mpaka juu, msomi. Teremsha hiyo, halafu usipumue."

Ile ilikuwa timazi. Kwa ambao hawajawahi kuishika: unaining'iniza kutoka juu ya ukuta, shaba inatulia yenyewe, na mwenzako aliye chini anapima pengo lililopo kati ya kamba na ukuta. Pengo la chini na la juu yakitofautiana, ukuta umeinama. Nilipanda. Katikati ya ngazi niligundua jambo ambalo miaka yote ya chuo haikunifunulia, kwamba naogopa kwenda juu. Mkono ukatetemeka, kamba ikatetemeka, shaba ikacheza ngoma. Mpimaji Mkuu akaandika kitu kwenye kitabu chake, akakisoma kwa sauti ili wapagazi wa ghala nao wafaidike: "Ukuta uko sawa. Anayeyumba ni mpimaji."

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, kwa hiari ya magoti yangu zaidi kuliko yangu mimi. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii ya kupima majengo huniuliza swali moja: kati ya skana ya leza ya miguu mitatu, ile ya kushika mkononi na ile ya kuvaa mgongoni, ipi ni bora? Nitawajibu. Lakini itabidi niwaeleze pia habari ya hofu, kwa kuwa ndicho kifaa nilichokitumia kwa muda mrefu kuliko vingine vyote, na siku niliyokisahau ofisini ndiyo siku niliyofanya kosa ambalo bado linanipigia simu.

Mpimaji Mkuu alikuwa na desturi moja iliyotuchosha. Kabla ya kupima chochote, mpimaji huzika bikoni, yaani nondo fupi ndani ya zege, ili kila kipimo kianzie mahali palipotulia. Wapimaji wengine waliridhika na bikoni za uani, kando ya jengo. Yeye, kila tulipokwenda kupima jengo la huko juu milimani Uluguru, alitaka tushuke bondeni, tuvuke mto, tupande mlima wa upande wa pili kwa mwendo wa saa nzima, azike bikoni moja huko. Akishaizika, aliweka mashine juu yake na kulitazama lile jengo kutoka mbali, kimya, kama baba anayemchunguza mtu aliyekuja kuposa. Na kila aliporudi alikuwa na kabichi mbili, au pichisi, au mfuko wa njegere. Sisi tuliokuwa tunabeba vyuma tulikubaliana kwamba bikoni ya ng'ambo ni kisingizio cha kwenda sokoni.

Siku moja nikajipa moyo nikamuuliza kwa nini tunateseka wakati uani kuna bikoni nne nzuri. Alijibu bila kugeuka, maana njia ilikuwa nyembamba: "Usiulize ukuta umesogea kiasi gani kabla hujajiuliza wewe umesimama wapi." Nikacheka kwa adabu. Niliona ni maneno ya mtu anayependa njegere.

Alistaafu, akarudi kwao, na miaka michache baadaye tulikwenda kumzika. Vitabu vyake vya uwandani, vile vidogo vyenye jalada gumu ambavyo mpimaji huandikia vipimo vyake papo hapo, vilibaki kwenye kabati la chuma. Kabati lile nilihama nalo nilipojiunga na kampuni binafsi ya upimaji. Nilimwambia mkurugenzi wangu mpya kwamba nahifadhi historia, ingawa ukweli ni kwamba ufunguo ulikuwa umepotea na kabati lilikuwa zuri kwa kuwekea birika.

Mkurugenzi wa Ufundi wa kampuni ile alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi na mitano. Aliniita "mzee wangu", kwa heshima asubuhi na kwa subira jioni. Yeye ndiye aliyeleta leza. Ya kwanza ilikuwa ya miguu mitatu. Unaisimamisha, unaiacha, nayo inazunguka polepole ikirusha miale ambayo huigusa kila kitu na kurudi, na kila mguso ni nukta moja. Nukta mamilioni zikijumlishwa unapata kile tunachokiita wingu la nukta, mfano wa jengo zima ndani ya kompyuta, na unaweza kulizungusha kwa kidole. Tuliijaribu kwenye ghala la mpunga huko Dakawa. Usahihi wake ulinitisha: iliona milimita mbili mahali ambapo mimi na timazi yangu tungeapa kwamba hakuna kitu. Ubaya wake ni uvivu. Ghala lile lilitaka tuihamishe mara ishirini na zaidi, na kila mbeba gunia aliyepita mbele yake alibaki ndani ya wingu kama mzimu, bila kichwa, gunia likielea peke yake.

Kisha ikaja ya mkononi. Hiyo unatembea nayo kama mtu anayetafuta kitu kwa tochi, nayo inakisia ulipo kwa kulinganisha inachokiona sasa na ilichokiona sehemu ndogo ya sekunde iliyopita. Niliizoea tulipopima nyumba za zamani za Kilakala, ambako iliingia darini, chini ya ngazi, nyuma ya tangi, mahali ambapo miguu mitatu isingepata pa kuweka hata mguu mmoja. Lakini ipeleke kwenye korido ndefu yenye kuta nyeupe pande zote, isipate dirisha wala kona ya kujishikiza, inapotea kidogokidogo na haikwambii. Korido iliyonyooka inarudi ofisini imepinda kama ndizi, na inakuonyesha ndizi ile kwa ujasiri mkubwa.

Ya tatu ni ya kuvaa. Unaibeba mgongoni, kichwa chake kikiwa juu ya kichwa chako, nawe unatembea tu. Kwa eneo kubwa lenye vijia na ngazi za mawe haina mfano, ila hubeba na mwendo wa mvaaji. Goti langu la kushoto limo ndani ya michoro kadhaa ya mkoa huu, kama mawimbi madogo kwenye sakafu. Na kule mlimani, ambako kila mkulima wa mboga ana bomba la kupulizia dawa mgongoni, sijawahi kuivaa bila kuitwa shambani. Mama mmoja alinifuata matuta matatu akinisihi nipite na kwenye nyanya zake.

Sasa kanisa. Sitataja kijiji. Ni kijiji cha misheni, juu kabisa, kwenye mteremko uliokatwa matuta kama ngazi, na kanisa lake la mawe limesimama kwenye sehemu iliyosawazishwa katikati. Ukuta wa nyuma, kwenye sakristia ambako padri huvalia mavazi ya misa, ulikuwa na ufa unaoingia vidole viwili. Paroko, kijana mpole mwenye miwani, alitaka kujua kama ni salama kuendelea kusali humo. Mwisho wa Aprili watoto arobaini wangepokea komunyo ya kwanza, na kila mtoto angekuja na ukoo wake.

Mkurugenzi aliona nafasi. Tuende na skana zote tatu, alisema, tupime mwezi wa Februari kabla ya masika, tupime tena Aprili katikati ya mvua, tuone ukuta umesogea kiasi gani, na papo hapo tuwe na ulinganisho wa kuwaonyesha wateja. Nikaenda. Nilizika bikoni nne uani, nzuri, zege safi. Kipokea satelaiti, ambacho kingezipima bikoni zenyewe kutoka angani, hakikutulia kwa sababu ya mlima na mikaratusi, nami sikukibembeleza. Nilitazama ng'ambo ya mto, nikaona njia inavyopanda kwenye ukungu, nikalitazama goti langu. Tulikuwa na leza. Njegere ningenunua mjini.

Aprili tulirudi tukapima tena. Majibu yalikuwa mazuri kupita kiasi. Ukuta ulikuwa umeinama, ndiyo, tangu zamani, lakini kati ya Februari na Aprili miguu mitatu haikuona badiliko lolote lililozidi milimita mbili. Ya mkononi na ya mgongoni zilisema vivyo hivyo, kila moja kwa lafudhi yake. Mashine tatu, jibu moja.

Siku ile ya Aprili, kazi ilipokwisha, Mama Koleta alituita tunywe chai. Huyu alikuwa kiongozi wa akina mama wanaosafisha kanisa, mkulima wa karoti na kabichi, mjane aliyekuwa akilea wajukuu wawili. Nyumba yake iko matuta mawili chini ya kanisa. Alitupa chai ya mchaichai na magimbi, akalalamika. Si juu ya kanisa, juu ya mpira wake wa maji. Mpira ule mweusi ulitoka kwenye chemchemi juu mwambani, ukapita nyuma ya kanisa, ukaishia kwenye pipa lake. Tangu masika yaanze ulikuwa umechomoka mara tatu. Haukupasuka, alisema. Ulikuwa haufiki. Mara ya kwanza aliunga kipande cha vidole vinne, mara ya pili shubiri, mara ya tatu shubiri na nusu.

Mimi, mwenye shahada, nilimpa sababu. Nilimweleza kwamba plastiki hujikunja kwa baridi.

"Baridi ya miaka yote haikuukunja, fundi. Ya mwaka huu ina mikono?"

Nikacheka, nikamaliza gimbi langu, nikateremka mjini na kuandika kwamba jengo limeinama lakini limetulia, na linafaa kuendelea kutumika. Nikasaini. Ripoti ikapelekwa parokiani Alhamisi.

Ijumaa asubuhi nilikuwa ofisini nikitafuta picha ya kupamba jalada la nakala yetu. Nikafungua wingu la nukta la Februari, nikalizungusha nyuma ya kanisa, nikaona mstari mweusi mwembamba umelegea kati ya mti na mti kama kamba ya kuanikia nguo. Nilikuwa nimeufuta kwenye mchoro wa mwisho. Vitu kama hivyo, mipira, kuku, majani, sisi huviita uchafu. Nikafungua la Aprili. Mstari uleule, pamoja na vipande vya Mama Koleta ndani yake, ulikuwa umenyooka kama kamba ya timazi.

Niliweka kikombe chini. Chemchemi iko mwambani, na mwamba hauendi popote. Mpira umefungwa kule. Kama mpira unavutwa, basi kinachouvuta ni upande huu: pipa, nyumba, ua, kanisa. Na bikoni zangu nne, kwenye zege lake safi, zimo humohumo zikiteremka kwa heshima pamoja na kila kitu. Sikuwa nimepima mlima. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikapima umbali kati ya vikombe vilivyo juu ya mkeka, huku mkeka wote ukivutwa.

Na Jumapili ilikuwa siku ya komunyo.

Mkurugenzi alinisikiliza akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki mumwone hivyo. Aliniuliza kama ninaelewa kwamba ripoti imeshafika, imeshasomwa, na kwamba Paroko ameshatangaza.

"Mzee wangu, mashine tatu zinasema ukuta haujasogea," alisema. "Wewe unaniletea mpira wa maji."

"Mashine tatu zilisimama uani. Kama ua wote unateremka, pamoja na bikoni, pamoja na sisi, zitasema nini?"

Alitazama dirishani, ambako mlima ulikuwa umefunikwa mawingu kuanzia kifuani. Akakaa.

"Zitasema hakuna kilichosogea."

Kisha akasema nina siku moja, nichukue mashine yoyote ninayotaka, ila barua ya kuifuta ripoti nitaisaini mimi, kwa mkono uleule. Ilikuwa haki.

Sikuchukua skana yoyote. Nilivunja kufuli la kabati kwa bisibisi, nikapekua vitabu vya Mpimaji Mkuu mpaka nikakipata. Alikuwa amelipima kanisa lile zaidi ya miaka ishirini nyuma, mimi nikiwa likizo. Kulikuwa na mchoro wa mto, jiwe kubwa lenye umbo la kiatu, hatua arobaini kutoka kwenye jiwe, bikoni. Kulikuwa na pembe na umbali hadi kona ya sakristia, kwa maandishi yake madogo yaliyonyooka. Na pembezoni: njegere, kilo mbili.

Jumamosi asubuhi nilikuwa ng'ambo ya mto kwenye manyunyu, na mashine ya zamani ya kupimia pembe na umbali begani, nikihesabu hatua kutoka kwenye jiwe ndani ya shamba la maharage la dada yake Mama Koleta. Nilipiga magoti, nikachimba kwa vidole. Nondo ilikuwepo, imeshika kutu, imetulia. Nikaisimamisha mashine juu yake. Tuta lilikuwa jembamba na nyuma yangu hapakuwa na kitu mpaka mtoni, na ile hofu ya Mwembesongo ikarudi miguuni kana kwamba haijawahi kuondoka. Nikashika pumzi kama nilivyofundishwa. Nikaitafuta kona ya sakristia kwenye lenzi.

Haikuwepo. Maana yake, mahali ambapo kitabu kilisema ipo, palikuwa na hewa na tawi la mkaratusi. Kona yenyewe niliipata chini zaidi na kulia, na nilipopiga hesabu, kanisa la mawe, msalaba na mabenchi vilikuwa vimeteremka kama kipimo cha mkono wangu mzima, kutoka begani hadi ncha ya vidole. Nilisoma tena. Nikasoma mara ya tatu. Maisha yangu yote nimeogopa kukosea, na asubuhi ile niliomba niwe nimekosea.

Kitabu hakikuniambia kanisa lilianza kutembea lini. Lakini mpira wa Mama Koleta ulinieleza mwendo wake wa sasa: vidole vinne, shubiri, shubiri na nusu, katika masika moja.

Nilifika kanisani nikiwa na tope mpaka mapajani. Akina mama walikuwa wamepaka chokaa, wanafunga maua kwenye mabenchi. Paroko alinipeleka sakristiani, nikamwomba tutoke tuzungumzie nje, na nilipofika nje nikakumbuka kwamba nje pia kunateremka. Nilimweleza yote. Alivua miwani akaifuta.

"Litaanguka kesho?"

"Sijui, Baba."

"Wiki ijayo?"

"Sijui."

"Sasa unajua nini?"

"Najua kwamba nilisaini kitu nisichokijua."

Aliirudisha miwani usoni, manyunyu yakimlowesha kanzu. Kisha akaenda mlangoni, akawaambia akina mama wafungue maua. Misa ingesaliwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, ng'ambo ya mto. Sijui kama ningekuwa na moyo ule katika nafasi yake. Yeye ndiye aliyewatazama machoni akina mama wale.

Mama Koleta alipita mbele yangu na kikapu cha maua kichwani, akasimama.

"Fundi. Umekunywa chai yangu, ukaucheka mpira wangu. Leo unatufungia kanisa kwa mpira huohuo?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Nitakusamehe. Lakini beba lile benchi."

Nililibeba, mimi na katekista, tukateremka nalo mpaka mtoni na kupanda nalo. Jumapili ilikuwa na ukungu na tope. Watoto walikuja na nguo nyeupe zilizokunjwa mpaka magotini, viatu mikononi. Nilisimama nyuma kabisa, na wakati wote walipokuwa wakiimba sikuwa nawatazama wao. Nilikuwa natazama ng'ambo, ukungu unavyofunguka na kujifunga, na kila ulipofunguka kanisa lilikuwa limesimama palepale, jeupe, zima, likinitazama. Watu nao waliona. Mtu akakohoa, mwingine akacheka. Nikajikuta nasubiri lianguke. Naandika hili kwa sababu hakuna mwalimu atakayewaambia: ukishawatoa watu kwenye jengo kwa neno lako, kuna kitu ndani yako kinaanza kulitamani janga lilelile ulilowaepusha nalo. Niliona haya mbele ya watoto wale, ingawa hakuna aliyejua.

Halikuanguka. Halijaanguka mpaka leo. Lilifungwa, wakaweka boriti mlangoni, na Jumapili husaliwa shuleni. Kijijini nilipewa jina, Fundi wa Kanisa Linalotembea, na nikienda watoto hunionyesha kwa kidole. Mkurugenzi aliituma barua yangu pamoja na yake. Alianzisha utaratibu kwamba hakuna jengo la mlimani litakalopimwa bila bikoni ya ng'ambo, na vijana wa ofisini, nimesikia, wanasema ni kisingizio cha kwenda kununua stroberi.

Kwa hiyo, skana ipi? Ukitaka kujua ukuta umeinama kiasi gani, chukua ya miguu mitatu na subira. Ukiwa na vyumba vingi vidogo na muda mchache, ya mkononi, ila kila baada ya hatua kadhaa ipitishe tena pale ilipoanzia ijikumbuke. Ukiwa na eneo kubwa la ngazi na vijia, vaa ya mgongoni, na umpe mwenye magoti mazuri. Usifute uchafu kabla hujauangalia. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayokwambia habari za ardhi uliyoikanyaga, na kadiri zinavyokuwa nzuri ndivyo zinavyokubembeleza usiulize. Mimi zilinibembeleza nikalala.

Ningependa kumalizia hapo, nimekosa, nimetubu, nimestaafu. Lakini barua yangu ya kuifuta ripoti ilikuwa na kurasa sita, na kwenye ukurasa wa sita niliandika sentensi moja kwamba maeneo yaliyo chini ya kanisa nayo yachunguzwe. Niliiandika kwa lugha ile ya ofisini ambayo haimwelekei mtu yeyote, na haikumfikia mtu yeyote. Kanisa lilipofungwa tulishusha pumzi wote. Tulikuwa tumehamisha misa. Nyumba zilizo chini yake, ya Mama Koleta na mbili za jirani, tuliziacha.

Masika haya, mchana mmoja, nikiwa nyumbani najifanya napogoa maua, simu iliita. Alikuwa Mama Koleta.

"Shikamoo mama."

"Marahaba fundi. Nimekuona wewe ndiye wa kuambiwa mambo ya kipuuzi. Msalaba nauona."

Nilimuuliza msalaba gani. Wa kanisani, alisema. Tangu aolewe pale, mkaratusi uliuziba, ukiwa jikoni kwake huwezi kuuona. Leo anapepeta maharage, anainua macho, msalaba huo.

"Mti umekatwa?"

"Haujakatwa. Upo."

Nilikalia ukingo wa bustani. Kitu kimoja kati ya vitatu, jiko lake, mti au kanisa, kilikuwa kimehama, au vyote vitatu, kila kimoja kwa mwendo wake, maana yake mkeka wenyewe ulikuwa umeanza kuchanika.

"Mama, wewe hapo umesimama wapi?"

"Jikoni kwangu. Ningesimama wapi?"

Nilimwambia aondoke. Sasa hivi, na wajukuu, avuke mto, aende kwa dada yake, na njiani awaambie majirani zake wawili. Nilimwambia kwamba nampigia mwenyekiti wa kijiji nikikata tu. Nilikuwa nimejiandaa kubishana. Nikasikia ungo ukiwekwa chini.

"Na kuku?"

"Na kuku, mama."

Hii ni wiki ya tatu. Nyumba yake imesimama, na za majirani pia. Kila asubuhi hunipigia kutoka shambani kwa dada yake ili nisikose kujua hilo. Nyani wanamaliza mahindi yake, ananiambia. Dada yake anahesabu vijiko vya sukari. Je, serikali inajua kwamba kuna mstaafu Morogoro anayehamisha watu kwa simu? Nampa pole, kisha namwomba afanye kile nilichomwelekeza siku ya kwanza: asimame juu ya bikoni ya Mpimaji Mkuu, afumbe jicho moja, anyooshe mkono, aniambie kati ya msalaba na ule mwamba wa chemchemi nyuma yake kuna nafasi ya vidole vingapi, maana nafasi hiyo ikipanuka, ni mteremko unaoondoka.

Wiki nzima ya kwanza ilikuwa kimoja. Wiki ya pili, kimoja na kidogo, na akaongeza kwamba labda vidole vyake vimekonda kwa chakula cha dada yake.

Leo asubuhi nilimuuliza tena. Nilisikia mvua kwenye simu, na wajukuu wakicheza karibu.

"Viwili, fundi," alisema, na hakunitania.